Tathmini ya EQ8: programu niliyobunia kwilti ya bloku za mitindo mitatu

Kwa miaka niliyoishi hapa Columbus, Ohio, nimeshona kwilti saba, na zote zilikuwa kazi ya kufuata: mchoro ulikuwa wa mtu mwingine, vipimo vilikuwa vya mtu mwingine, na vya kwangu vilikuwa vitambaa tu. Kwa asiyeijua, kwilti ni mfarishi wa tabaka tatu, ambao uso wake umeungwa kwa viraka, katikati umetiwa pamba, na chini umewekewa bitana, kisha tabaka zote zikapitishwa mshono mmoja. Uso huo kwa kawaida hujengwa kwa bloku, yaani miraba iliyo sawa kwa ukubwa ambayo kila mmoja una muundo wake ndani. Binti yangu alipokaribia kuolewa niliamua kwamba kwilti ya nane itakuwa yangu tangu mstari wa kwanza, na kwamba nitachanganya bloku za mitindo tofauti badala ya kurudia mtindo mmoja kutoka ukingo hadi ukingo. Ndipo niliponunua EQ8, programu ya kompyuta ya kubunia kwilti, na tathmini hii naiandika baada ya kuitumia tangu mchoro wa awali hadi siku kwilti ilipokunjwa na kutiwa sandukuni.

EQ8 inatengenezwa na kampuni ya Electric Quilt ya mji wa Bowling Green, hapa hapa Ohio. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1991, na hili la nane lilitoka mwaka 2017. Inafanya kazi kwenye Windows na kwenye Mac, lugha yake ni Kiingereza, na mimi nililipa karibu dola 240, kiasi ambacho kingeninunulia vitambaa vya kwilti nzima na salio likabaki. Ndani yake mna maktaba ya bloku zaidi ya 6,000, na idadi hiyo ndiyo inayotajwa kwanza na kila anayeisifu. Kwa maoni yangu maktaba hiyo ndiyo sehemu isiyostahili kumfanya mtu alipe. Hakuna mshonaji aliyekosa bloku. Anayetaka kuchanganya mitindo anakosa jambo jingine kabisa, nalo ni kujua bloku mbili zitafanya nini zikikaa bega kwa bega, kwa sababu pale zinapokutana huzaliwa umbo la tatu ambalo halimo katika bloku ya kwanza wala ya pili. Programu hii inastahili kupimwa kwa uwezo wake wa kulionyesha umbo hilo kabla mkasi haujagusa kitambaa, na hapo ndipo ilipolipa gharama yake kwangu.

Nianze na bloku mbili nilizozichagua mapema. Ya kwanza inajulikana hapa kama Ohio Star, nami nitaiita Nyota ya Ohio: ni mraba uliogawanywa tatu kwa tatu, wenye kitovu, pembe nne tupu, na baina ya pembe hizo vipande vinne vilivyokatwa pembetatu ambavyo ndivyo miale ya nyota. Ya pili ni Log Cabin, Nyumba ya Magogo, ambayo huanza na mraba mdogo katikati kisha ukazungushiwa vipande virefu mmoja baada ya mwingine, nusu moja ya mzunguko ikiwa ya rangi za giza na nusu nyingine ya rangi za mwanga. Kwenye karatasi nilikuwa nimezichora zikipishana kama drafti, safu tano kwa safu tano, bloku za inchi 12, na nilikuwa nimeridhika. Nilipoupanga mchoro ule ule kwenye skrini niliona kosa ambalo penseli yangu haikulionyesha: Nyumba za Magogo zote zilikuwa zimeelekea upande mmoja, hivyo kwilti nzima ilionekana kama kitu kilichoinama na kutaka kuanguka upande wa kulia.

Kwenye programu, kuigeuza bloku robo mzunguko ni kuibofya mara moja. Nilizigeuza zile Nyumba nne zinazoizunguka nyota ya katikati, kila moja robo mzunguko zaidi ya iliyoitangulia, na papo hapo pande za giza zikashikana zikawa mabawa ya pangaboi, na nyota ikawa kitovu chake. Umbo hilo sikulichora mimi na halikuwa katika maktaba. Lilikuwa limejificha katika mkutano wa bloku, likisubiri kupangwa sawasawa. Nilikaa jioni tatu nikizigeuza zile nane zilizobaki, nikihifadhi kila jaribio, na nilipofikia jaribio la kumi na tisa ndipo nilipoona mpangilio ambao jicho halikutaka tena kuuhamisha. Majaribio kumi na tisa kwa penseli za rangi yangenichukua majira yote ya baridi, na naamini kabisa kwamba ningesimama kwenye la tatu kwa kuchoka tu.

Kuna faida nyingine ya ndoa hii ya Nyota na Nyumba ambayo napenda kuitaja kwa sababu wengi huchagua bloku kwa uzuri wa sura peke yake. Kingo za Nyumba ya Magogo ni vipande virefu visivyo na ncha, na hivyo miale ya Nyota inapofika ukingoni hukutana na kitambaa kitupu na wala haihitaji kulinganishwa na mshono wa jirani. Ukiweka nyota mbili pamoja, kila ncha lazima iikabili ncha ya mwenzake barabara, na kosa dogo huonekana kutoka mlangoni. Ukiweka nyota na nyumba, ncha hupumzika. Anayeanza kuchanganya bloku na achague hivyo: moja yenye ncha nyingi, na moja yenye kingo tulivu.

Taabu ilianza nilipotaka mtindo wa tatu. Nilitaka pembe nne za kwilti ziwe na bloku ya Bear's Paw, Unyayo wa Dubu, yenye meno madogo ya pembetatu kama kucha, kwa sababu nyota tisa na nyumba kumi na mbili zilikuwa zimeacha pembe hizo zikiwa dhaifu. Bloku hii imejengwa juu ya gridi ya saba kwa saba, na 12 haigawanyiki kwa 7. Programu haikunizuia: niliiweka bloku, ikajinyoosha ikajaa mraba wa inchi 12, ikapendeza. Nilipofungua ukurasa wa vipimo vya kukatia nikakuta namba zisizoingia kwenye rula yoyote, kwa kuwa kila mraba mdogo ulikuwa na upana wa inchi 1 na zaidi kidogo ya sehemu saba za kumi. Hapa lazima niseme waziwazi kwa anayefikiria kuinunua: programu itakubali mchanganyiko wowote utakaoutaka, na jukumu la kujua kama mchanganyiko huo unashoneka ni la kwako. Bloku zilizojengwa kwa gridi ya tatu, ya nne au ya sita zinakaa pamoja ndani ya inchi 12 bila ugomvi. Za tano na za saba ni wageni, nao huhitaji kuandaliwa mahali.

Mahali nilipowaandalia ni fremu. Nyayo zilipunguzwa ziwe inchi 10 na nusu, ambapo kila mraba mdogo unakuwa inchi 1 na nusu kamili, kisha zikazungushiwa ukanda wa robo tatu ya inchi kila upande, na hesabu ikarudi 12. Sikuridhika na fremu zilizo tayari, hivyo nilikwenda kwenye meza ya kuchorea bloku, nikaweka gridi ya miraba 16 kwa 16, ambayo kwa bloku ya inchi 12 kila mraba wake ni robo tatu ya inchi, nikaacha mraba mmoja kando kwa ajili ya fremu na kuuchora unyayo katika miraba 14 iliyobaki. Mistari hujinasa kwenye nukta za gridi yenyewe, kwa hiyo hata mkono usio wa mchoraji hutoa kazi safi. Baada ya hapo vipimo vikawa vya kibinadamu: kwa kila jozi ya meno, mraba wa inchi 2 na thumni 3, yaani sehemu tatu za nane, uliokatwa mshazari, na meno 64 kwa pembe zote nne. Sehemu hii ya kuchora, ambayo wanunuzi wengi huipita kwa kuiogopa, ndiyo iliyonifanya nijisikie kwamba kwilti ni yangu, kwa sababu Unyayo ule wenye fremu ya rangi ya machungwa sijauona popote pengine.

Kisha nikaanza kushona, na hapo ndipo mtu anapokumbuka kwamba skrini huchora mistari isiyo na unene. Kipimo cha mshono wa kwilti ni robo inchi, wala si zaidi. Ukizidisha sehemu moja tu ya kumi na sita ya inchi, kila mshono unakula thumni ya inchi, kwa kuwa unachukua kutoka pande zote mbili. Nyota ya Ohio ina mishono miwili ya kuvuka kutoka ukingo hadi ukingo, kwa hiyo ingepungua robo inchi. Nyumba ya Magogo niliyoibuni, yenye kitovu cha inchi 4 na mizunguko miwili ya vipande vya inchi 2, ina mishono minne, kwa hiyo ingepungua nusu inchi. Katika kwilti ya mtindo mmoja, kosa hilo hurudiwa sawasawa kila mahali na bloku zote hupungua pamoja, nawe hutajua. Katika kwilti ya mitindo mitatu, kosa lile lile huzaa bloku za ukubwa wa namna tatu, na safu hazikutani. Mimi nililigundua nikiwa nimeshashona nyota nne na nyumba tatu, nikafumua nyumba zote. Baadaye nilibandika utepe kwenye bamba la cherehani kuonyesha robo inchi, nikawa naipima kila bloku ikiwa ingali na inchi yake 12 na nusu, yaani 12 pamoja na robo inchi ya mshono kila upande, kabla ya kuisogelea inayofuata. Hakuna programu inayoweza kumfanyia mtu kazi hiyo, na sitaihesabu kuwa upungufu wa EQ8, lakini anayedhani kwamba atakuwa amebuni kwilti nzuri kwa sababu skrini imependeza anapaswa kuijua hesabu hii.

Sasa nije kwenye vitambaa, ambapo nilikuwa na matumaini makubwa na ambapo nilikosea mimi mwenyewe. Programu inakuja na maelfu ya picha za vitambaa, vingi vikiwa vya pamba ya kwilti inayouzwa hapa Marekani. Mimi nilitaka vitenge na kanga nilizoletewa kutoka Dar es Salaam, na EQ8 inaruhusu kuingiza picha ya kitambaa chako na kuipaka bloku kama rangi nyingine yoyote. Nilipiga picha kitenge cha buluu chenye ndege, nikakiingiza, nikaweka ndege kwenye vitovu vya nyota, na kila nyota ikawa na ndege wake mzima, kichwa hadi mkia. Nilichosahau ni kuiambia programu picha ile inawakilisha inchi ngapi za kitambaa halisi. Ndege wa kweli ana inchi 10. Kitovu cha nyota kina inchi 4. Nilipokata, nilipata bawa.

Njia sahihi ni kupiga picha ya kitambaa kikiwa kimelazwa na rula kando yake, kuikata picha iwe na idadi kamili ya inchi unayoijua, kisha kuingiza kipimo hicho kabla ya kuihifadhi. Nilipofanya hivyo skrini ikaanza kusema kweli, na ukweli huo ukabadilisha mchoro wangu: kitenge cha ndege kiliondoka kwenye nyota kikaenda kwenye miraba mikubwa ya Nyayo, na hata humo nilikubali kichwa na shingo peke yake, na nafasi yake kwenye nyota ikachukuliwa na kitenge cha nukta ndogo. Mtu anayetumia vitenge lazima alizingatie hili kuliko mwenzake anayetumia pamba ya maua madogo, kwa sababu michoro ya kitenge hubuniwa ionekane juu ya mwili mzima wa binadamu, na bloku huikatakata. Vipande vyembamba vya Nyumba ya Magogo huvumilia kukatwa huko, kwa kuwa ndani yake kitenge hugeuka kuwa mwendo wa rangi tu; nyota haivumilii.

Jambo ambalo picha haiwezi kulionyesha ni uzito na ufumaji. Kanga ni nyepesi kuliko kitenge, na ikikatwa mshazari huvutika. Niliziosha zote kwa maji ya moto, nikazipaka wanga na kuzipiga pasi, kisha nikaziweka kanga kwenye vipande vilivyonyooka vya Nyumba za Magogo, na pembetatu zote za Nyota na Nyayo nikazipa vitenge vilivyo imara. Kwa pembe tupu za nyota nilitumia pamba nyeupe isiyopaushwa, ile ambayo watu wa pwani yetu waliiita merikani kwa kuwa iliwafikia katika karne ya 19 ikitoka viwanda vya Marekani, na nilifurahi kuiona imerudi kwao kwa njia hii.

Kuhusu makadirio ya kitambaa nitasema machache. Programu hukuhesabia yadi zinazohitajika kwa kila rangi, nawe unaweza kuweka upana wa kitambaa chako, jambo muhimu kwa sababu kitenge huwa kipana kidogo kuliko pamba ya kwilti inayouzwa hapa. Mimi nilibakiwa na kitambaa katika kila rangi, na katika vipande vidogo kama meno ya Nyayo nilibakiwa na kingi. Kwa anayenunua dukani hilo si tatizo. Kwa mwenye doti moja ya kanga iliyovuka bahari, ni afadhali apige hesabu yake mwenyewe kwa kuchora vipande juu ya karatasi yenye upana wa kanga.

Nilipofika kwenye mpaka wa nje niliichapisha michoro miwili, mmoja ukiwa na mpaka wa kitenge cha buluu na mwingine ukiwa na pindo za kanga, nikampelekea shangazi yangu huko Tanga kwa simu. Shangazi ameshona nguo tangu kabla sijazaliwa. Aliitazama, akanipigia.

“Mwanangu, hii ya pindo ndiyo yenyewe,” akasema. “Hii nyingine umemvalisha mtoto gauni bila mtandio.”

“Lakini shangazi, kanga haifiki. Upande wa kwilti una inchi 60.”

“Haifiki kwa kiasi gani?”

“Kama inchi moja na nusu, ukitoa mishono.”

“Basi weka kiraka katikati. Si unashona viraka?”

Alikuwa sahihi. Doti moja ina kanga mbili, na kila kanga ina pindo mbili ndefu, kwa hiyo pindo nne kwa pande nne za kwilti. Kila moja niliikata katikati, nikatia kipande cha inchi 4 cha kitenge kile kile cha vitovu vya nyota, nikaweka mraba wa inchi 6 kwenye kila pembe, na kwilti ikafikia inchi 72 kwa 72. Niliporudi kwenye programu kuujaribu mpaka huo, vipande vile vinne vya katikati vilionekana vimesimama mkabala na Nyota za safu za nje, kana kwamba vilipangwa tangu mwanzo. Mimi nisingewaza hivyo, na programu isingewaza hivyo.

Je, nani ainunue? Anayeshona kwilti moja kwa mwaka kwa kufuata mchoro wa dukani haihitaji. Aliyeko Nairobi au Mwanza ambaye dola 240 ni pesa ya cherehani nyingine, namshauri anunue daftari la hesabu lenye miraba na penseli nane za rangi, achore kila bloku mara nne kwenye karatasi, azikate, na azisogeze mezani kwa mkono, kwa maana kiini cha kazi ni kule kusogeza na kugeuza. Wapo pia mabingwa wasioihitaji kabisa gridi: wanawake wa Gee's Bend, Alabama, wameshona kwa vizazi kwa kukata kwa jicho na kuacha mistari iyumbe inavyotaka, na kwilti zao zilipoonyeshwa kwenye jumba la makumbusho la Whitney huko New York mwaka 2002 zilipokelewa kama sanaa kuu ya nchi hii. EQ8 haikukusudiwa kwa namna hiyo ya kazi, na anayeipenda asijifunge kwenye miraba yake.

Lakini kwa mtu aliyekwisha kushona kwilti kadhaa, anayeijua robo inchi yake, na ambaye sasa anataka bloku za nasaba mbalimbali ziishi katika nyumba moja bila kugombana, sijapata chombo kingine kilichonipa nafasi ya kukosea mara nyingi hivi bila kuharibu hata yadi moja. Majaribio yangu kumi na tisa bado yamo ndani ya faili. Matatu kati yake ninaona yatakuwa kwilti zijazo, na moja lina Nyota zikiwa zimesimama kwa ncha zake, mpangilio ambao pembetatu za kujazia kando hukatwa kutoka mraba wa inchi 18 na robo, nami nimeshaanza kuuwekea vitambaa.

Miji ya zile kanga mbili, iliyobaki baada ya kukatwa pindo, sikuitupa. Niliiunganisha katikati ya bitana, na jina lake, Nyumba njema si mlango, likiwa zima na kusomeka, upande ambao haukuwamo katika mchoro wowote wa skrini na ambao binti yangu aliugundua mwenyewe alipoigeuza kwilti kuitandika.